Kuwasha na Kuzima Injini ya Dizeli ya Lori Kubwa
Hotuba kwa wenyeviti wa vijiji, walimu na wenye malori, Magamba, Mpanda



Nimepewa nafasi niseme nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nalo ni namna ya kuwasha injini ya dizeli ya lori kubwa, namna ya kuiangalia njiani, na hasa namna ya kuizima. Labda mtu atasema moyoni mwake, "Hata kuzima nako kwahitaji mafunzo? Si kugeuza ufunguo tu?" Basi mtu huyo ndiye nimtakaye hasa asikilize. Maana injini ya dizeli ni chuma chenye uvumilivu mwingi. Yaweza kubeba tani nyingi mwaka mzima isinung'unike, kisha ikaumizwa na mtu mmoja mwenye haraka, katika dakika chache za kwanza baada ya kuwashwa au dakika chache za mwisho kabla ya kuzimwa.

Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa Mpanda, kwa kuwa nchi yetu iko mbali na bahari. Zamani madini ya risasi yalipokuwa yakichimbwa Mukwamba, ilibidi reli ijengwe kutoka Kaliua hata Mpanda, karibu kilomita 210, nayo ilimalizika mwaka 1950. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1960, lakini watu walibaki, mashamba yaliongezeka, na mizigo ikazidi. Siku hizi mahindi, mpunga, tumbaku na asali hutoka kwa malori. Saruji, mabati, mbolea, chumvi na vitabu vya shule huingia kwa malori. Lami imefika kutoka Tabora kwa njia ya Sikonge na Koga, na upande wa magharibi iko bandari ya Karema katika Ziwa Tanganyika. Tena injini za namna hiihii huzungusha vinu vya kusaga nafaka, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na majenereta. Kwa hiyo hata asiye na lori, maneno haya yamfaa.

Lori moja mara nyingi ni mali ya nyumba nzima, pengine ya ndugu wanne au watano waliochanga fedha au kukopa. Injini yake ikifa, hakifi chuma peke yake. Ada ya watoto hukwama, deni hubaki, na magunia ya watu hulala nje mpaka mvua za Novemba ziyakute. Na hapo nimetaja mali tu. Roho za watu nitazitaja mbele.

INJINI HII NI KITU GANI

Kwanza tujue injini ya dizeli hufanyaje kazi, maana mtu asiyejua sababu hushika amri siku moja na kuisahau siku ya pili.

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani aliyeitwa Rudolf Diesel, naye aliionyesha ikifanya kazi vizuri katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Jina la mafuta yetu latokana na jina lake. Alichokifikiri ni hiki. Mtu akijaza upepo katika gurudumu la baiskeli, ataona kwamba pampu yapata moto upande wa chini. Kwa nini? Kwa sababu hewa ikishindiliwa hupata joto. Katika injini ya dizeli hewa huingia ndani ya silinda, na pistoni huishindilia mpaka nafasi iliyokuwa nayo hupungua ikawa sehemu moja katika kumi na tano, au hata katika ishirini. Hewa hiyo hupata joto kupita digrii 500 za sentigredi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli laini kama ukungu, nayo hushika moto papo hapo yenyewe, bila plagi na bila cheche.

Nawaomba mlishike neno hilo la mwisho: bila cheche. Motakaa ya petroli huzimika ukikata umeme wa plagi. Injini ya dizeli haina cheche ya kukatwa. Maadamu yapata mafuta na hewa, itaendelea kuzunguka. Na injini za namna ya zamani huendelea hata waya wa betri ukifunguliwa. Basi kuizima maana yake ni kuinyima chakula. Katika malori ya zamani dereva huvuta kamba au kitasa kinachofunga pampu ya dizeli. Katika malori ya baadaye ufunguo huamuru njia ya dizeli ijifunge, na katika mapya kabisa kompyuta ya gari huacha kufungua nozeli. Njia ni mbalimbali, lakini maana ni moja. Shikeni jambo hili, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye hatari.

KABLA YA KUWASHA

Dereva mwema haanzi kazi akiwa juu ya kiti. Huanza akiwa chini kwa miguu yake. Na azunguke lori lake lote, atazame magurudumu, na atazame ardhi iliyo chini ya injini kama pana tone la oili, la maji au la dizeli. Tone moja la asubuhi ni barua. Likisomwa mapema halina gharama kubwa.

Oili ipimwe kwa kijiti chake, lori likiwa limesimama mahali palipo sawa, kabla injini haijawashwa. Isiwe chini ya alama ya chini, wala isipite alama ya juu. Maana oili iliyozidi nayo ina madhara, kama nitakavyoeleza.

Maji ya rejeta yapimwe injini ikiwa baridi. Injini ikiwa ya moto, maji yale yamefungiwa kwa nguvu, nayo yaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Mtu akifungua kifuniko, nguvu ile huachiliwa ghafula, maji hugeuka mvuke na kumrukia usoni na kifuani. Watu wameungua vibaya kwa kufanya hivyo, tena wengine walikuwa mafundi. Asiyeweza kuweka kiganja chake juu ya rejeta kwa sababu ya moto, asifungue kifuniko chake.

Maji ni adui mkubwa wa dizeli. Katika malori mengi chini ya chujio la dizeli kuna kikombe chenye kizibo kidogo. Kizibo hicho kifunguliwe kwa desturi, maji yaliyotuama yatoke mpaka ionekane dizeli safi. Nozeli imetengenezwa kwa kipimo chembamba sana. Maji na mchanga huila kama mchwa alavyo boriti.

Kisha breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, na kabari ziwe magurudumuni. Halafu liko jambo moja ambalo naomba liwe sheria katika kila kijiji. Watoto hupenda kivuli cha lori, na utingo aliyechoka mara nyingi hulala chini yake. Kwa hiyo kabla dereva hajagusa ufunguo, na apaze sauti aseme, "Nawasha!" kisha angoje mpaka utingo amjibu, "Washa!" Asiposikia jibu, na ashuke akatazame tena. Maneno haya mawili hayana bei, nayo yaweza kuokoa mtoto wa mtu.

KUWASHA

Stata isizungushwe kupita nusu dakika kwa mara moja. Ikiwa injini haikuwaka, stata ipumzishwe dakika mbili, ndipo ijaribiwe tena. Vinginevyo itaungua, na betri itakufa kabla ya kosa kujulikana.

Injini ikiwaka, jicho liende kwanza kwenye kipimo cha nguvu ya oili. Kama sekunde kumi au kumi na tano zimepita na mshale haujapanda, au taa nyekundu haijazimika, injini na izimwe mara moja. Usingoje, wala usiseme, "Labda kipimo ni kibovu." Kipimo kibovu chanunuliwa dukani, ekseli kuu ya injini iliyosagika bila oili ni msiba mwingine.

Asubuhi oili imeshuka yote chini, tena ni nzito. Yahitaji muda ipande na kufika kila mahali. Basi dereva asikanyage mafuta kwa nguvu ili "kuichangamsha." Na aiache iungurume polepole dakika tatu mpaka tano, kisha aondoke kwa mwendo wa taratibu mpaka ipate joto la kazi. Muda huo haupotei bure, kwa kuwa ndio muda ambao upepo wa breki hujaa katika matangi yake. Lori lisiondoke kamwe kabla taa na kengele ya upepo hazijanyamaza, maana lori lenye injini nzuri na breki tupu ni jiwe lililo juu ya mlima.

Wako watu ambao injini ikikataa kuwaka humwaga petroli penye chujio la hewa. Hii ni hatari kubwa. Petroli hushika moto mapema, wakati pistoni ingali inapanda. Basi nguvu mbili hupigana ndani ya silinda, na pistoni huweza kuvunjika. Pengine moto hurudi nyuma ukamchoma aliyeshika kopo. Injini isiyowaka ina sababu yake: dizeli imekwisha, hewa imeingia katika bomba, chujio limeziba, au betri ni dhaifu. Na itafutwe sababu.

Tena injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo humlaza mtu usingizi asioamka. Na mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Wenye vinu vya kusaga, msikie neno hili: bomba la moshi lipelekwe nje kabisa, mbali na akina mama na watoto wanaongoja unga.

NJIANI

Barabarani nitataja mambo mawili tu, kwa kuwa ndiyo yanayohusu injini.

La kwanza ni mteremko. Wako madereva ambao wakifika mteremkoni huweka gia huru, na wengine huthubutu hata kuzima injini, ili wabakize dizeli kidogo waiuze. Jambo hili ni kuuza roho kwa bei ya kopo. Injini ikizimwa, usukani huwa mzito kama kinu, na mashine inayojaza upepo wa breki huacha kuzunguka. Gia ikiwa huru, injini haisaidii tena kulizuia lori, na uzito wote huangukia breki. Breki hupata moto, na breki zenye moto mwingi hazishiki. Mnaijua milima ya Kitonga huko Iringa na Lyamba lya Mfipa huko Rukwa. Mahali kama pale hapatoi nafasi ya pili. Kanuni ya wazee wa kazi hii ni njema: gia iliyokupandisha mlima ndiyo ikuteremshe. Tena nawapa siri moja. Katika injini za siku hizi, dereva akiteremka na gia ndani, mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta, nozeli hujifunga zenyewe, na injini hainywi dizeli hata tone. Lakini gia ikiwa huru, yanywa ili isizimike. Kwa hiyo anayedhani anaiba dizeli mteremkoni anaimwaga.

La pili ni joto. Mshale wa joto ukipanda kupita mahali pake, dereva na apunguze mwendo, atafute mahali pa salama, asimame. Ikiwa maji yangalipo na nguvu ya oili ni nzuri, aache injini iungurume polepole, ili maji na feni viendelee kuondoa joto. Lakini ikiwa maji yamekwisha au nguvu ya oili imeanguka, azime mara moja. Kisha angoje. Asimwagie injini maji ya baridi, wala asiyatie ndani, maana chuma cha moto kikipigwa na maji ya baridi hupasuka, kama chungu kilichotolewa jikoni kikatiwa maji ya mtungini. Kungoja saa moja chini ya mwembe ni rahisi kuliko kununua injini.

KUZIMA

Sasa tumefika kwenye neno lenyewe.

Malori makubwa ya siku hizi karibu yote yana chombo kiitwacho tabo. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyo katika mti mmoja wa chuma. Moshi utokao katika injini husukuma gurudumu moja, nalo huzungusha la pili, ambalo huvuta hewa na kuishindilia ndani ya injini ili ipate nguvu zaidi. Mti ule huzunguka karibu mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaousukuma lori likipanda na mzigo huweza kupita digrii 500. Kinachouzuia usiungue ni utando mwembamba wa oili, inayoletwa na pampu ya injini.

Sasa fikirini. Dereva ametoka mbali, amepanda kilima cha mwisho kwa nguvu, anafika sokoni, anazima papo hapo, anaruka chini kwenda kutafuta chai. Pampu ya oili imesimama saa ileile. Lakini tabo ingali inazunguka kwa nguvu ya mwendo wake, tena bila oili mpya. Na moto uliomo katika chuma huingia katika oili kidogo iliyobaki, ukaiunguza ikawa masizi magumu, kama ukoko ulioshika chini ya chungu. Leo haoni kitu. Kesho haoni kitu. Baada ya miezi njia za oili zimeziba, tabo inapiga mluzi, lori linatoa moshi wa buluu na kupoteza nguvu. Naye husema, "Nimerogwa," kumbe alijiroga mwenyewe kwa haraka ya kila siku. Na maji nayo husimama injini ikizimwa, hata mahali penye moto mwingi ndani ya kichwa cha injini maji hayaendi kuutuliza.

Kwa hiyo utaratibu wa kuzima ni huu:

1. Kilomita ya mwisho kabla ya kufika, dereva apunguze mwendo, asiibane injini.

2. Asimamishe lori mahali palipo sawa na pagumu, avute breki ya mkono, aweke gia huru.

3. Aiache injini iungurume polepole dakika tatu mpaka tano, bila kukanyaga mafuta. Ikiwa ametoka kupanda mlima na mzigo mzito, isipungue tano.

4. Wakati huo atazame vipimo, na asikilize kama pana sauti ngeni. Ugonjwa mwingi wa injini husikika wakati huu kuliko wakati wowote.

5. Ndipo azime, kwa ufunguo au kwa kitasa. Kama lori lina swichi kuu ya betri, asiikate papo hapo. Angoje dakika moja au mbili, au kama kitabu cha lori lile kisemavyo, maana katika malori mapya kompyuta huwa bado inamaliza kazi yake.

6. Aweke kabari magurudumuni, na afungue vizibo vya matangi ya upepo ili maji yatoke. Tangi la dizeli lijazwe jioni ikiwezekana, kwa kuwa tangi lililo nusu tupu hukusanya unyevu usiku.

Na juu ya kabari niseme hivi: mawe na magogo yaliyowekwa barabarani lori lilipoharibika yaondolewe lote lisalimikapo. Jiwe lililosahauliwa laweza kumwua mwendesha pikipiki usiku.

Iko desturi nyingine mbaya. Dereva, kabla ya kuzima, hukanyaga mafuta mara moja injini ikalia kwa sauti, kisha huikata. Wengine huona ni salamu ya ushujaa. Kwa kweli ameiongeza tabo mbio, halafu ameinyima oili. Na aiache.

Lakini kila jambo lina kiasi chake. Wako waliosikia neno hili wakazidisha, wakaacha injini ikiunguruma saa nzima wakati wa kupakia. Hilo nalo si jema. Injini ya lori kubwa ikiunguruma bila kazi hunywa dizeli kama lita tatu kwa saa, hujaza masizi, na kuwavuta moshi wapakiaji. Dakika tano ni dawa. Saa nzima ni hasara.

INJINI IKIKATAA KUZIMIKA

Nilisema injini ya dizeli huzimwa kwa kunyimwa chakula. Je, ikipata chakula mahali pengine? Jambo hili hutokea mara chache, nalo latisha sana. Tabo ikichakaa, oili hupenya ikaingia katika njia ya hewa. Au oili ikijazwa kupita kiasi, hufika mahali isipopaswa kufika. Oili ile huungua kama dizeli. Basi injini huanza kunguruma kwa nguvu zaidi na zaidi, moshi mzito hujaa, na dereva hugeuza ufunguo wala haizimiki, maana haili tena dizeli ya tangini, inakula oili yake yenyewe.

Hapo, kwanza, watu wote waondoke kandokando ya injini, maana chuma chaweza kupasuka na kuruka. Ikiwa lori lina gia za mkono, na dereva yumo kitini, akanyage breki kwa nguvu zote, atie gia kubwa kuliko zote, kisha aachie klachi, ili injini ishindwe na mzigo izimike. Ikiwa haiwezekani, liko jambo moja tu lililobaki, nalo ni kuinyima hewa: mdomo wa bomba la hewa uzibwe kwa ubao mpana au bamba la chuma, au upulizwe gesi ya kizima moto cha namna ya kaboni. Usizibe kwa mkono wala kwa kitambaa chepesi. Nguvu ya kuvuta ni kubwa, itavinyakua. Na ikiwa hata bomba halifikiki kwa salama, kimbieni, mwiache. Injini yaweza kununuliwa.

MAFUTA NA MOTO

Dizeli haishiki moto upesi kama petroli. Ikiwa imetulia yahitaji kupata joto kupita digrii 50 hivi ndipo mvuke wake ushike. Kwa sababu hiyo watu huidharau. Lakini dizeli inayoruka kama ukungu kutoka bomba lililotoboka, ikianguka juu ya bomba la moshi lenye moto, huwaka mara moja. Kwa hiyo tone lolote la dizeli karibu na injini lizibwe siku ileile.

Tena mtu asitafute mahali panapovuja kwa kupapasa na mkono wakati injini inazunguka. Katika injini mpya dizeli husukumwa kwa nguvu nyingi kupita kiasi, hata tundu dogo kama ncha ya sindano hutoa mshale wa dizeli unaoingia ndani ya nyama ya mtu. Jeraha huonekana dogo, pengine haliumi sana siku ya kwanza. Lakini mafuta yale huozesha nyama, na mkono waweza kukatwa. Anayepatwa na jambo hili apelekwe hospitali saa ileile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa nguvu. Kuvuja na kutafutwe kwa kipande cha boksi, injini ikizimwa kabla ya kugusa chochote.

Na neno hili ni la wenyeviti na walimu hasa. Lori likipinduka karibu na kijiji, kazi ya kwanza ni injini kuzimwa na betri kukatwa, ikiwa inafikika kwa salama. Ya pili ni kuokoa waliomo. Ya tatu ni kuwazuia watu wasikaribie. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta ya petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Walikuwa vijana, akina baba na watazamaji tu. Mtu mmoja mwenye sauti inayosikilizwa, akisimama barabarani mapema na kuwarudisha watoto nyuma, aweza kuzuia matanga mia.

KAZI YA KILA MMOJA

Ndugu zangu, kazi hii si ya dereva peke yake. Mwenye lori anayempigia dereva simu kila saa akisema, "Mbona hujafika?" naye ana sehemu yake katika injini iliyoungua na katika ajali iliyotokea. Na ampe dereva nafasi ya kufanya kazi kwa utaratibu, na amnunulie oili nzuri na machujio kwa wakati wake. Utingo na afundishwe, maana utingo wa leo ndiye dereva wa kesho. Na anayeweza kwenda chuo cha ufundi cha VETA apelekwe, asiachwe kujifunza kwa kubahatisha. Mwalimu naye, akiwa na pampu ya baiskeli tu darasani, aweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi hewa inavyopata joto, na hapo watakuwa wameelewa injini ya dizeli kuliko madereva wengi. Na mwenyekiti wa kijiji aamuru pale maloriyanaposimama pawe mbali na shule na kisima, na kanuni ile ya "Nawasha!" na "Washa!" ifuatwe.

Wazee wetu walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa wa injini ni dakika chache: dakika tano asubuhi za kungoja oili ipande, na dakika tano jioni za kungoja moto ushuke. Atakayezitoa hizo kila siku, lori lake litambebea mavuno ya miaka mingi. Atakayezikataa, siku moja atalipa zote pamoja, tena kwa faida ya juu yake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize, na mwenye kujua zaidi na atuongezee.